Habari Nilizompa Lekishon

Siku mliyoniaga mlinipa saa ya ukutani na doti mbili za khanga, mkanisifu mpaka nikatafuta mlango. Kisha yule mdogo kuliko wote kitengoni akaninong'oneza, "Mama Zaina, ile ya Vugiri hujatusimulia." Nikacheka tu. Leo nimekaa hapa Kwedizinga, kwenye nyumba aliyoniachia mama, saa yenu inagonga ukutani kwa kelele ambazo hamkunionya, na nimeamua kuisimulia. Hata sasa nikiikumbuka mikono hunitoka jasho, na ni jasho la raha.

Ila nitaanza mwanzo, maana bila mwanzo mtaona nilifanya wazimu. Vyeo na mishahara sitaviandika. Vilichelewa vyote viwili, na sababu mtaiona wenyewe. Nchi zilizohusika nazo sitazitaja, kwa kuwa mtu hustaafu lakini kiapo chake hakistaafu.

Nilipokelewa kazini na Mzee Shemboza, mkalimani mkuu, Msambaa wa milimani, mfupi, mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Nilimwamkia, akaitikia, akauliza natoka wapi.

"Handeni, mzee."

"Mzigua?"

"Ndiyo."

"Basi tumekwisha," akasema. "Mzigua na siri ni kuku na mtama."

Nikamuuliza Msambaa je. Akasema Msambaa hupanda nayo mlimani, anayeitaka amfuate kwa miguu. Tukaelewana tangu saa ile. Alinipa penseli nne na daftari la kufungulia juu, akanichorea mstari katikati ya ukurasa: kushoto anayesema, kulia anachosema. Kalamu ya wino alinikataza, akasema hukauka pale tu waziri anapofika kwenye kitenzi. Jioni karatasi zote zichanwe. Kabla ya kikao usinywe maziwa, koo hujaa. Viatu viwe vya chini, maana kuna wakubwa wanaopenda kujadiliana huku wakitembea.

Na akanipa kanuni moja iliyozidi zote. "Mheshimiwa akisema 'mimi', wewe nawe sema 'mimi'. Usiseme 'anasema kwamba'. Ukisema hivyo umeweka mtu wa tatu mezani, na hakuna aliyemwalika."

Nilidhani nimeelewa. Mwaka wangu wa kwanza, mgeni mmoja alikasirika akamwambia mwenyeji wetu, tena taratibu, kwamba ahadi zake hazina uzito kuliko povu la sabuni. Mimi, binti niliyelelewa kuheshimu wakubwa, nikalitafsiri kuwa mgeni angependa ahadi ziwe na uzito zaidi. Mwenyeji akatabasamu, akaongeza ahadi nyingine. Mgeni akaona anachezewa, akaondoka siku mbili kabla ya wakati, na mwenyeji hakujua kamwe kwa nini. Mzee Shemboza alijua. Alinisimamisha ukumbini, viti vikiwa tayari vimekunjwa.

"Ulimwonea haya nani?"

"Mwenyeji, mzee."

"Ulijionea haya mwenyewe. Ukilainisha neno la mtu unaingia mkutanoni kwa mlango wa nyuma. Sisi tunapita mlango wa mbele au hatupiti."

Nililia chooni, nikanawa uso. Tangu siku hiyo nimetafsiri matusi ya watu wazima kwa sauti ya mtu anayesoma ratiba ya mabasi.

Miaka ikapita, Mzee Shemboza akastaafu, nami nikapewa kazi za faragha, zile ambazo hata dereva haambiwi anakwenda wapi mpaka ashike usukani. Ndivyo nilivyofika Vugiri. Nilijua napandishwa Usambara tulipoiacha Korogwe mjini na masikio yakaanza kuziba. Juu kulikuwa na nyumba kuukuu ya wageni, ndani ya shamba la chai, ukungu umekaa mpaka madirishani. Niliyoyakuta humo yalinifurahisha kama mtoto siku ya Idi.

Nchi mbili jirani, zisizosemezana kwa miaka, zilikuwa zimeleta wazee wawili kuzungumza kwa siri. Moja nitaiita Nchi ya Chai na nyingine Nchi ya Kahawa, kwa sababu ndivyo walivyokunywa asubuhi, na hilo si siri. Chai walizungumza Kiingereza, Kahawa Kifaransa. Katikati nilikuwa mimi. Walichogombania kilikuwa na majina mengi kwenye makabrasha, lakini mezani kilikuwa kimoja: kivuko cha mpakani kilichofungwa. Upande mmoja wa kivuko kulikuwa na hospitali, upande wa pili kulikuwa na wajawazito. Nilionyeshwa picha zao wakiwa wamekaa chini, wakitazama lango lenye mnyororo. Sikuzisahau, na ninyi msiwaamini wanaosema mkalimani hana upande. Upande anao, ila hauingizi kwenye sentensi.

Ulinzi ulikuwa chini ya Bwana Mbwilo wa usalama, kijana mwembamba aliyekuwa akila akiwa amesimama. Simu zetu zote ziliingia kwenye kapu la mkonge, kapu likafungiwa kabatini. Watu wake walikagua vyumba wakitafuta vinasa sauti. Walipomaliza, Chai wakakagua tena kwa sababu hawakuwaamini, kisha Kahawa wakakagua kwa sababu hawakuwaamini waliotangulia. Siku ya kwanza walishika kidude chini ya kochi, nyumba nzima ikatolewa nje kwenye ukungu kwa saa nzima. Kilikuwa kifaa cha kusikilizia cha mzee wa Kahawa mwenyewe, alikuwa akikitafuta tangu asubuhi.

"Mama Zaina," Mbwilo aliniambia, "hapa hata inzi akitoka anaandikwa."

Na kweli aliandika. Alichosahau ni salamu.

Getini alikuwako mlinzi wa siku zote wa nyumba ile, mfugaji wa makamo aitwaye Lekishon, aliyejifunika shuka mbili na koti la mvua juu yake, maana baridi ya Vugiri haikumzoea. Walimchunguza, wakakuta simu yake haina hata kamera, wakaridhika. Alasiri ile ya kwanza nilitoka kunyoosha miguu. Akanitazama akasema, "Takwenya," ile salamu yao kwa mwanamke. Nikaitika, "Iko." Uso wake ukafunguka kama dirisha. Akauliza nimejulia wapi. Nikamwambia mimi wa Kwedizinga, na kiangazi wafugaji walikuwa wakinywesha ng'ombe kwenye lambo la baba yangu.

"Boma letu liko mbugani ng'ambo ya huko," akasema. "Basi wewe si mgeni. Ngoja nikupe habari."

Wale waliokulia mjini niwaeleze. Kwa wafugaji, watu wakikutana hawaishii kwenye "nzuri" tu. Mmoja hutoa habari zote: alikolala, alichokiona njiani, majani yako wapi, nani amefariki, ng'ombe gani amezaa. Mwenzake husikiliza mpaka mwisho, kisha naye hutoa zake. Anayepokea bila kutoa ni sawa na mtu aliyekula kwako akakufungia mlango wa kwake, na anayeficha huhesabiwa mwongo. Nilipokuwa mdogo niliwasikiliza wakifanya hivyo lamboni, ng'ombe wakinywa, na niliona hakuna adabu nzuri kuliko hiyo.

Lekishon akanipa zake, tangu ukame uliompandisha mlimani hadi mtamba wake mweusi anayechechemea. Akamaliza. Akasubiri zangu.

Na mimi, niliyekula kiapo, mwanafunzi wa Mzee Shemboza, nikatoa. Sikutaja nchi, sikutaja jina, nikajiona mjanja. Nilimwambia: "Nimekuja kubeba maneno ya wazee wawili. Ni kama madume mawili yaliyofika kisimani pamoja. Yote yana kiu, lakini kila moja linangoja jingine liiname kwanza." Akatikisa kichwa taratibu, akasema hiyo ni habari. Nikarudi ndani mwepesi, nimejisikia nyumbani.

Siku nne zilizofuata zilikuwa tamu kuliko zote nilizofanya kazi. Asubuhi hawakusalimiana, jioni walibishana, lakini maneno yao yalianza kulegea. Mzee wa Chai, aliyekuwa na kidevu cha mtu asiyekubali kitu, aliuliza kivuko kikifunguliwa kwa wagonjwa tu, nani atashika ufunguo. Mzee wa Kahawa akasema, "Labda." Neno moja tu. Nililitafsiri huku nywele zimenisimama. Katika kazi yetu "labda" ya mzee mkaidi huzidi "ndiyo" kumi za mpole.

Asubuhi ya sita, kwenye meza ya staftahi, msaidizi wa Kahawa akaingia ameshika redio ndogo. Taarifa ilikuwa ya Kifaransa, kutoka mbali, na alikuwa ameinakili. Mzee wa Chai akataka kujua inasemaje. Nikapewa karatasi, nikaanza kusoma kwa Kiingereza kwa kasi yangu ya kawaida. Mazungumzo ya siri, milima ya Tanzania, nchi hii na nchi ile. Kisha nikafika hapa: mtu aliye karibu na mazungumzo hayo anawafananisha wajumbe na madume mawili kisimani, yenye kiu yote, kila moja likingoja jingine liiname kwanza.

Jamani, niliitambua sentensi yangu. Ilitoka kinywani kwangu kwa Kiswahili, ikazunguka nisikokujua, ikanirudia kwa Kifaransa bila kupungukiwa hata pembe. Niliitafsiri mpaka nukta.

"Kisa cha ng'ombe," mzee wa Kahawa akasema. "Kwetu sisi hatufugi. Wafugaji ni wao."

"Kwetu hatusemi kwa mafumbo," mzee wa Chai akajibu. "Washairi ni wao."

Kila mmoja alimwona mwenzake msaliti. Kabla chai haijapoa masanduku yalikuwa yameshashuka ngazi, na mimi nilikuwa nimesimama ukumbini nikiwaona wale kina mama wa kwenye picha, na mnyororo wao.

Mbwilo alifungua daftari lake la getini. Aliyetoka alikuwa mmoja tu: Lekishon, siku ya pili, ruhusa ya siku moja, kwenda mnadani bondeni. Akaletwa sebuleni. Mbwilo alitaka kumchukua papo hapo, na alikwishatamka neno "jasusi", neno linalomfanya mtu aende mahali asikotafutwa. Wazee wakakataa. Walisema maneno ya mlinzi watayasikia kwa masikio yao, si kwa taarifa ya mtu. Wakakaa, kila mmoja upande wake, na wageni wote mle hawakujua Kiswahili zaidi ya "karibu". Nikaketi katikati na penseli yangu.

Lekishon alisimama wima, fimbo wamemnyang'anya. Hakukana hata kimoja.

"Ndiyo, nilitoa habari," akasema. "Kwa mtu wa rika langu. Yeye hupeleka ng'ombe mbali kwa lori, mpaka karibu na huo mpaka wenu. Huko naye alitoa. Ninyi mlinikataza waandishi na watu wa kamera. Hamkunikataza rika."

Nikatafsiri. Mbwilo akauliza nchi hizo alizijuaje. Kwa madereva waliowapandisha wageni, akasema, walikuwa wakiota jua getini. Nikatafsiri.

"Na maneno ya madume kisimani? Ulipewa na nani kati ya watu hawa?"

Lekishon akageuka, akanitazama bila chuki, kama mtu anayeonyesha njia.

"Mimi nilipewa na mama huyu anayewatafsiria. Tulisalimiana."

Mbwilo alikuwa amelisikia kabla sijafungua mdomo. Uso ulimbadilika, akaniinamia sikioni. "Hilo la mwisho liache. Ni aibu ya nchi."

Mtaniuliza niliwaza nini. Niliwaza mengi kwa muda mfupi. Kuliacha ilikuwa rahisi, na nilikuwa na amri. Lakini nikiliacha, kila mzee angeamini kwamba mwenzake ndiye aliyempandikizia mlinzi maneno, wangeondoka, na kivuko kingebaki na mnyororo. Na Lekishon angebeba mzigo wangu kwa kosa la kuniamkia vizuri. Nikamwona Mzee Shemboza na miwani yake ya uzi. Mlango wa mbele au hatupiti.

Nikasema kwa Kifaransa, kisha kwa Kiingereza, kwa sauti ya ratiba ya mabasi: "Mimi nilipewa na mama huyu anayewatafsiria. Tulisalimiana." Katika kazi yangu yote, ndiyo mara pekee ambayo yule "mimi" na yule "mama" walikuwa wakitumia kinywa kimoja. Penseli ikaniponyoka, ikabingirika sakafuni.

Mzee wa Kahawa akavua kifaa chake cha sikio, akakifuta, akakirudisha. "Nina swali," akasema, "kwa mama, si kwa mkalimani. Kwa nini?"

Nikaeleza kama nilivyowaeleza ninyi: lambo la baba, ng'ombe, habari za kupokea na za kutoa. Nilijitafsiri mwenyewe mara mbili, na hakuna kazi ngumu kama hiyo. Nilipomaliza, mzee wa Chai akauliza, "Na wewe ulidhani dume gani lingeinama kwanza?"

"Nilidhani hakuna, mheshimiwa. Niliwahurumia wenye kiu."

Kisha mzee yule, mwenye kidevu kile, akashika mkono wa kiti, akainama polepole mpaka magoti yakalia, akaokota penseli yangu. Alinipa huku akimtazama mwenzake ng'ambo ya meza.

"Haya," akasema. "Mimi nimeshainama."

Nikaitafsiri. Ndiyo sentensi ya mwisho niliyotafsiri Vugiri. Mzee wa Kahawa alikuwa ndiyo kwanza anafungua mdomo kujibu, Mbwilo akanishika kiwiko, akanitoa, na dakika kumi baadaye nilikuwa ndani ya gari nikiteremshwa, huku mwenzangu wa akiba akipandishwa. Kabla ya hapo Mbwilo alinilisha kiapo upya pale pale kwenye hatua za nyumba. Hakunijibu nilipouliza habari za Lekishon. Barua ya onyo ilikuja baadaye, na baada yake miaka mingi ya semina za samaki wa maji baridi. Wala sina kinyongo na samaki.

Lakini siku ile niliambiwa tu nisubiri nyumbani. Nikaja hapa Kwedizinga, mama akiwa bado hai.

"Umefukuzwa?" akauliza.

"Sijui, mama."

"Basi palilia wakati hujui."

Nikapalilia. Nilipalilia mahindi ya mama, nikapalilia na ya jirani. Redio haikusema kitu. Niliamka kila siku na maswali mawili, mzee wa Kahawa alijibu nini, na Lekishon yuko wapi. Jembe halikujibu hata moja.

Wiki ya tatu, asubuhi, nikaona shuka nyekundu ikija kwenye njia ya lambo. Nilidondosha jembe. Alikuwa yeye, na fimbo yake wamemrudishia. Nilitaka kukimbia, lakini mama alikuwa akitazama, nami nina umri wangu.

"Takwenya."

"Iko. Lekishon, wamekuachia? Na wale wazee?"

Akaniangalia kama mtu niliyesahau adabu. Akaketi, akapokea uji, akauweka kando. Habari zina mpangilio wake. Akaanza na mvua za mbugani, nusu zimenyesha. Majani yako upande wa mashariki. Mjomba wake amefariki, wamezika. Yule mtamba mweusi amezaa, ndama ni dume, mguu haujarithiwa. Nilikuwa nikifinya khanga mpaka vidole vikaniuma. Yeye alikaa siku tisa mahali penye kitanda kizuri akiulizwa swali lilelile, naye akitoa jibu lilelile, mpaka wakachoka wakamrudisha getini kwake. Akanywa uji. Akafuta mdomo.

"Na juzi yule wa rika langu amerudi kutoka mpakani," akasema. "Kile kivuko kimefunguliwa. Mnyororo ameuona kwa macho, uko chini kwenye vumbi. Wanawake wanapita."

Nilikaa chini pale pale kwenye udongo wa mahindi, nikalia kwa sauti, na mama akadhani nimefiwa. Redio iliyasema hayo siku mbili baadaye.

Lekishon aliweka kikombe chini. Alikuwa amemaliza, na sasa alisubiri zangu. Nikapangusa uso. Nikampa mahindi ya mama yaliyoshambuliwa na viwavi, kuku aliyeatamia mayai kumi na moja, mvua ya Kwedizinga, harusi ya jirani, mgongo wangu unaouma kwa jembe. Nilipofika Vugiri nikasimama.

"Na kule mlimani," nikamwambia, "yako mengine niliyoyabeba. Hayo ni ya wale wazee wawili. Siwezi kukupa."

Akaweka fimbo mabegani, akatazama lambo.

"Sawa," akasema. "Hiyo nayo ni habari."